Taa za Motokaa za Zamani: Jinsi ya Kuzipa Nuru Bila Kuwatia Wenzetu Kiwi

Motokaa za zamani hazijatoweka katika nchi yetu. Land Rover zilizotengenezwa katika miaka ya 1960 bado hupanda vilima vyenye tope wakati wa masika, na mara kwa mara huonekana Volkswagen, Morris Minor au Peugeot 404 ikipita mjini, rangi yake imeng'arishwa na mwenyewe amekaa nyuma ya usukani kwa fahari. Wengine huzitunza motokaa hizi kwa kuwa wanazipenda. Wengine wamezirithi kutoka kwa baba zao na hawataki kuziuza. Wengine, hasa mashambani, wanaendelea kuzitumia kwa sababu zingali zinafanya kazi, na kila fundi anajua kuzifungua.

Lakini motokaa hizo zina ila moja ambayo kila mwenye kuzimiliki anaifahamu: jua likishazama, taa zake huwa hafifu kama kibatari chenye mafuta machache. Dereva hukodoa macho, hupunguza mwendo, na kila gari jipya linalomkabili humwacha gizani. Basi katika makala haya tutaeleza kwa nini taa hizo ni hafifu, jinsi ya kuzitengeneza, na makosa ambayo watu wengi huyafanya wakidhani kwamba wanatengeneza.

KWA NINI JAMBO HILI SI DOGO

Watu wengi hudhani kwamba taa nzuri ni pambo tu. Sivyo. Motokaa inayokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva aliye macho huhitaji kadiri ya sekunde moja na nusu tangu kuona hatari mpaka mguu wake ukanyage breki, na katika muda huo motokaa imekwisha kwenda mita 33. Baada ya hapo, hata barabara ikiwa ya lami kavu na breki zikiwa nzuri, huhitaji mita nyingine 35 hivi kabla ya kusimama. Jumla ni karibu mita 70. Kwenye barabara ya murramu au lami yenye maji, mita huzidi.

Sasa mtu ajiulize: je, taa zangu za dimu hunionyesha mita 70 mbele? Za motokaa nyingi za zamani hazifiki hata nusu ya hapo. Maana yake ni kwamba dereva huyo akiona kitu barabarani amekwisha kuchelewa. Na sote tunajua vitu vinavyopatikana barabarani usiku: lori lililoharibika na kuachwa limewekewa matawi ya miti nyuma yake, punda aliyekatika kamba, mwendesha baiskeli asiye na taa, mama anayerudi kutoka sokoni amevaa nguo nyeusi. Katika barabara ya Mombasa, kati ya Mtito Andei na Voi, hata wanyama wa porini huvuka.

Kwa hiyo twasema mapema: mpaka taa zitengenezwe, dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo. Kwa kilomita 50 kwa saa, motokaa huweza kusimama katika mita 35 hivi penye lami kavu.

TAA ZILITOKA WAPI

Motokaa za kwanza kabisa zilitumia taa za mafuta, na baadaye taa za gesi iliyotokana na karabidi na maji, kama zile walizotumia wachimba migodi. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac huko Marekani ilianza kuuza motokaa zenye umeme wa kuwashia injini pamoja na taa, na tangu hapo umeme ukaenea duniani.

Balbu ya zamani ni tupu la kioo lenye uzi mwembamba wa madini ya tangsteni. Umeme ukipita, uzi huo huwa mwekundu, kisha mweupe, na kutoa nuru. Ila uzi unapowaka hutoa chembechembe ambazo huganda ndani ya kioo na kukifanya cheusi. Ndiyo sababu balbu iliyotumika muda mrefu hutoa nuru kidogo hata kama haijaungua.

Kuanzia motokaa za mwaka 1940, Wamarekani walitumia taa iliyofungwa moja kwa moja: uzi, kioo cha mbele na sahani ya kurudishia nuru vyote vilikuwa kitu kimoja, chenye upana wa inchi 7. Vumbi halikuweza kuingia, na taa ikiungua iliondolewa yote. Waingereza nao wakafuata baadaye, na kipimo hicho cha inchi 7 kikaenea katika Land Rover, Mini, MG na motokaa nyingi nyingine. Jambo hili ni bahati kwetu, maana hadi leo taa za inchi 7 hupatikana katika maduka mengi ya vipuri.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1962, balbu ya kwanza ya halojeni ilipotokea Ulaya. Ndani ya balbu hiyo kuna gesi inayozirudisha zile chembechembe za tangsteni kwenye uzi badala ya kuziacha zigande kwenye kioo. Hivyo uzi huweza kuwaka kwa joto kali zaidi na kioo kikabaki cheupe. Mwaka 1971 ikaja balbu iitwayo H4, yenye nyuzi mbili, mmoja wa mwanga kamili na mmoja wa dimu. Hiyo ndiyo balbu ambayo mwenye motokaa ya zamani huitafuta kwa kawaida.

Kwa wenye motokaa za Kifaransa tuongeze jambo moja. Tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1993 sheria ya Ufaransa ilitaka taa za mbele ziwe za rangi ya manjano. Ndiyo maana Peugeot au Citroën ya zamani huenda ikawa na balbu au vioo vya manjano. Rangi hiyo hupendeza, lakini hupunguza nuru, kwa kuwa sehemu moja ya mwanga huzuiwa na rangi yenyewe.

UMEME HUPOTEA NJIANI

Tuchukue mfano wa mzee mmoja mwenye Land Rover ya zamani. Ameona taa zake ni hafifu, akaenda dukani akanunua balbu zenye nguvu kubwa. Akazifunga, na usiku ukaja. Taa zikawa nzuri kidogo tu kuliko zamani, na baada ya nusu saa swichi ikaanza kunuka moshi. Akamwendea fundi.

"Fundi, nimedanganywa. Balbu hizi si za kweli."

"Hapana, mzee wangu. Balbu ni za kweli. Umeme ndio haufiki."

Fundi alisema kweli. Waya ni kama mfereji wa maji unaokwenda shambani. Kama mfereji ni mwembamba, au una takataka njiani, maji yatakayofika ni machache hata kama kisima kimejaa. Katika motokaa ya zamani umeme wa taa hutoka kwenye betri, hupita nyuma ya injini, huingia ndani kwenye swichi ya taa, hushuka kwenye swichi ya mguu ya kubadilisha dimu, kisha hurudi tena mbele mpaka kwenye taa. Safari hiyo ni ya mita kadhaa za waya mwembamba wenye umri wa miaka 50 au 60, na kila kiungo kina kutu yake.

Hasara yake ni kubwa kuliko mtu anavyofikiri. Balbu ikikosa sehemu 5 tu katika 100 za volti zake, hupoteza sehemu 16 hivi za nuru. Ikikosa sehemu 10, hupoteza kama 30. Ikikosa sehemu 15, nuru inayobaki ni kidogo kuliko sehemu 60 katika 100. Kwa hiyo motokaa ambayo betri yake ina nguvu kamili huweza kuwa na taa za nusu mwanga kwa sababu ya waya na kutu tu. Na ukiongeza balbu kubwa, umeme mwingi zaidi hulazimishwa kupita katika njia ile ile nyembamba. Waya na swichi hupata moto, na moto ndio ule moshi aliounusa mzee.

HATUA YA KWANZA: KUPIMA NA KUSAFISHA

Kabla ya kununua kitu chochote, yafaa kupima. Mita ndogo ya umeme si ghali, na kila fundi wa umeme anayo. Injini iwe inazunguka kwa kasi kidogo na taa ziwe zimewashwa. Pima volti kwenye vichwa viwili vya betri, uandike. Kisha pima kwenye waya mahali unapoingia nyuma ya taa, taa ikiwa bado inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unapotea.

Kisha kazi hufuata utaratibu huu:

Kwanza, fungua waya wa betri ulioungwa na mwili wa gari. Katika motokaa nyingi za Kiingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, waya huo ni wa upande wa chanya, si wa hasi kama motokaa za leo. Usidhani tu, tazama alama kwenye betri.

Pili, tafuta mahali waya za taa zinapofungwa kwenye mwili wa gari, yaani waya za athi. Umeme unaokwenda kwenye taa lazima urudi, na hurudi kwa njia ya chuma cha gari lenyewe. Fungua parafujo, piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha na kukaza, kisha paka grisi kidogo juu yake ili kutu isirudi. Katika Land Rover mwili ni wa alumini na fremu ni ya chuma, na madini haya mawili yakigusana penye unyevu huliwa upesi. Afadhali kuvuta waya mpya wa athi kutoka kwenye kila taa hadi kwenye fremu.

Tatu, fungua viungo vyote vya waya na kuvisafisha. Waya uliokauka mpira wake ukapasuka ubadilishwe, usifungwe kwa karatasi wala kitambaa.

Nne, tazama sahani ya kurudishia nuru iliyo nyuma ya balbu. Ikiwa imekuwa ya kijivu au ina kutu, hakuna balbu itakayosaidia. Usijaribu kuisugua, maana tabaka lake la kung'aa ni jembamba sana na litatoka kidoleni mwako. Hapo hapana budi kununua mpya.

Wengi wakimaliza kazi hii hushangaa kuona kwamba taa zao za zamani zimerudi kuwa nzuri bila kununua balbu hata moja.

HATUA YA PILI: RILEI

Dawa kamili ya ugonjwa huu ni kifaa kidogo kiitwacho rilei. Ni swichi inayofunguliwa na sumaku ya umeme. Faida yake ni kwamba swichi ya zamani ya motokaa haibebi tena mzigo wa taa. Hupeleka umeme kidogo tu wa kuiamrisha rilei, na rilei ndiyo huruhusu umeme mwingi utoke kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa kwa njia fupi na nene. Ni kama chifu anayetuma barua: hahitaji kwenda mwenyewe kubeba magunia.

Huhitajika rilei mbili, moja ya mwanga kamili na moja ya dimu. Miguu ya rilei huandikwa nambari, na nambari hizo ni zile zile kwa viwanda vingi. Mguu wa 30 huungwa na betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 hupeleka umeme kwenye taa. Mguu wa 86 hupokea waya wa zamani uliokuwa ukienda kwenye taa. Mguu wa 85 huungwa na mwili wa gari. Rilei nyingine zina mguu wa tano ulioandikwa 87a. Usiutumie, kwa maana huo hutoa umeme wakati rilei imelala, na taa zako zitawaka mchana.

Katika motokaa nyingi za Kiingereza waya wa buluu wenye mstari mweupe ni wa mwanga kamili, na wa buluu wenye mstari mwekundu ni wa dimu. Hizo ndizo zitakazokwenda kwenye mguu wa 86 wa kila rilei. Waya mpya wa kwenda kwenye taa uwe wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 2.5.

Tafadhali usisahau fyuzi. Motokaa nyingi za zamani hazikuwa na fyuzi yoyote kwenye taa za mbele, na waya ukikwaruzika na kugusa chuma, gari huweza kuungua. Weka fyuzi ya kisasa ya ampea 20 karibu kabisa na betri, na baada ya rilei ipe kila taa fyuzi yake ya ampea 10. Kwa njia hiyo, taa moja ikipata hitilafu usiku, ya pili itaendelea kuwaka, na dereva hataachwa katika giza la ghafula penye kona.

Rilei na waya hazibadilishi sura ya motokaa. Huweza kufichwa nyuma ya sahani ya mbele, na siku mtu akitaka kuurudisha umeme wa asili huziondoa tu. Kwa wale wanaopenda motokaa yao ibaki kama ilivyotoka kiwandani, jambo hili ni kubwa.

HATUA YA TATU: BALBU YA HALOJENI

Njia ikishakuwa safi, sasa ndipo balbu mpya ina maana. Taa za Kiingereza za miaka ya 1950 mara nyingi zilikuwa na balbu ya wati 42 kwa mwanga kamili na wati 36 kwa dimu. Balbu ya H4 ya kawaida ni wati 60 na 55. Lakini faida yake si wati tu. Kwa kila wati, uzi wa halojeni hutoa nuru nyingi zaidi, hata dimu yake hupata kadiri ya maradufu ya ile ya zamani.

Balbu ya H4 haiwezi kutumika katika sahani ya zamani isiyotengenezwa kwa ajili yake. Nunua taa nzima ya inchi 7 iliyotengenezwa kupokea H4, yenye kioo halisi mbele. Taa hizi huingia katika tundu lile lile la taa iliyofungwa, na mara nyingi hata kiungo cha waya chenye miguu mitatu hulingana.

Ndani ya balbu ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho huzuia nuru isiende kwenye nusu ya chini ya sahani. Nuru hutumia nusu ya juu tu, na kwa hiyo hutupwa chini barabarani badala ya kupanda machoni mwa anayekuja. Kwa sababu hii mahali pa uzi ni jambo la kupimwa kwa sehemu za milimita, na balbu iliyokaa upande huharibu kazi yote.

Ukishika balbu ya halojeni, shika chuma chake, usiguse kioo. Mafuta ya vidole hubaki juu ya kioo, hupata moto sana mahali hapo, na balbu hupasuka kabla ya wakati wake. Ukiigusa kwa bahati mbaya, ifute kwa kitambaa safi chenye spiriti.

Tazama tena kioo cha taa kabla ya kulipa. Katika Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, na taa iliyotengenezwa kwa upande huo huinua nuru kidogo kushoto ili kuonyesha ukingo wa barabara na watu wanaotembea kwa miguu. Taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia, kama vile Rwanda, Burundi, Kongo na sehemu kubwa ya Ulaya, huinua nuru kulia. Ukizifunga hapa kwetu, nuru hiyo huenda moja kwa moja machoni mwa dereva anayekukabili. Taa zilizokubaliwa kwa kanuni za kimataifa huwa na herufi E ndani ya duara, na zile za upande wa kushoto tu huwa na mshale unaoelekea kulia kwako unapoitazama taa kutoka mbele. Taa isiyo na alama yoyote iache dukani.

DAINAMO NAYO IHESABIWE

Motokaa nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na dainamo ya Lucas inayoweza kutoa ampea 22 hivi, si altaneta yenye nguvu kama za leo. Basi ni wajibu kufanya hesabu kama mtu anavyohesabu matumizi ya nyumbani kabla ya kukopa.

Balbu mbili za wati 60 katika umeme wa volti 12 hula ampea 10. Taa za nyuma, za pembeni na za nambari hula 2 na nusu. Moto wa plagi hula kama 4, na waipa kama 3. Jumla ni ampea 19 na nusu. Zinabaki mbili na nusu za kujaza betri. Hali si mbaya.

Lakini akija mtu akakuuzia balbu za wati 100, hizo mbili peke yake hula karibu ampea 17, na jumla inapita 26. Dainamo haiwezi. Kinachopungua kitatolewa kwenye betri kimya kimya, na mvua ikinyesha usiku wa manane, betri itakufa mbali na nyumbani. Tena balbu za namna hiyo hazikukubaliwa kwa matumizi ya barabarani, na huwaumiza wengine macho. Kumbuka pia kwamba dainamo haitoi umeme wa maana injini ikizunguka polepole. Mtu anayesimama kwa muda mrefu katika msongamano wa mjini huku taa zikiwaka anakula akiba ya betri.

Wenye Volkswagen za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 wana shida nyingine, kwani nyingi zina umeme wa volti 6. Balbu ya wati 45 katika volti 6 hula ampea 7 na nusu, wakati katika volti 12 ingekula nusu ya hizo. Nusu volti ikipotea katika volti 12 ni sehemu 4 tu katika 100, lakini katika volti 6 ni sehemu 8. Kwa hiyo wao ndio wanaofaidika zaidi na usafi wa viungo, waya nene na rilei za volti 6.

TAHADHARI JUU YA BALBU ZA LED

Siku hizi kila duka la vipuri, na kila kijana anayeuza penye taa za barabarani, ana balbu za LED. Ni kweli kwamba LED hula umeme kidogo, na kwa dainamo dhaifu hilo ni jema. Lakini balbu ya LED ikitiwa katika sahani iliyotengenezwa kwa ajili ya uzi, mara nyingi nuru haitoki mahali uzi ulipokuwa. Sahani hushindwa kuikusanya, na nuru hutawanyika juu, chini na pembeni. Dereva huona weupe mwingi karibu na bampa akafurahi, lakini mbali haoni vizuri, na anayekuja hupigwa kiwi kabisa. Weupe karibu na bampa hufanya macho yazoee mwangaza mkali, na giza la mbele huzidi kuwa giza.

Ukitaka LED, nunua taa nzima ya inchi 7 iliyoundwa kwa LED tangu mwanzo, yenye alama ya E na ya upande wa kushoto. Nayo, tofauti na halojeni, haikubali umeme ulioungwa kinyume. Kama motokaa yako ni ile yenye chanya kwenye mwili wa gari, mwambie fundi kabla hajaunga waya.

KULENGA TAA

Kazi yote hii huwa bure taa zisipolengwa. Tena taa hafifu zilizolengwa vibaya zilikuwa na madhara madogo, lakini taa kali zilizolengwa vibaya ni hatari kubwa. Utaratibu ni rahisi, na huweza kufanywa nyumbani.

Jaza magurudumu upepo unaotakiwa. Weka motokaa mahali palipo sawa, mbele ya ukuta, na mtu mmoja akae katika kiti cha dereva. Ikiwa motokaa hubeba mizigo kila siku, iwe na mzigo wake, kwa kuwa mzigo wa nyuma huinua pua ya gari pamoja na taa. Sogea karibu na ukuta, utie alama ya chaki mahali palipo kimo sawa na kitovu cha kila taa. Kisha rudi nyuma mita 10 kwa unyoofu, uwashe dimu. Ukingo wa juu wa nuru uwe sentimita 10 chini ya ile alama, na ile sehemu inayoinuka iwe upande wa kushoto. Fanya taa moja kwa wakati mmoja huku nyingine imefunikwa kwa kitambaa, na kitambaa kisikae muda mrefu kwa sababu ya joto. Parafujo za kulengea ziko pembeni mwa taa, ndani ya pete ya mbele.

MANENO YA MWISHO

Wakati wa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, madereva walipita nchi yetu usiku kucha, na Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Motokaa hizo zilifungiwa taa za ziada kwa sababu wenyewe walijua kwamba mbio bila macho ni upumbavu. Motokaa yako haishindani na mtu, lakini barabara za usiku ni zile zile, na siku hizi watu na magari wamezidi.

Basi mwenye motokaa ya zamani afuate mpango: asafishe kwanza, afunge rilei na fyuzi, kisha abadilishe taa, na mwisho alenge. Asiyekuwa na fedha za kufanya yote mwezi huu na aanze na msasa na waya wa athi, ambavyo gharama yake ni ndogo. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na taa zikishakuwa nzuri, tuzitumie kwa adabu. Ukiona gari linakuja, weka dimu mapema. Ukimfuata mwenzako nyuma, weka dimu pia, maana kioo chake humrudishia nuru yako machoni. Mwenye kutembea kwa miguu hana taa ya kukuashiria kwamba umemtia kiwi. Yeye husimama tu ukingoni, amefunika uso kwa mkono, akingoja upite.